Vidonge Alivyonificha

Alikuwa fundi cherehani kwenye ushirika wa washonaji, Kariakoo, mlango wa pili kutoka kiwanda kidogo cha uchapaji nilikokuwa nikipanga herufi. Wao walishona sare za shule. Mimi ni mtoto wa Ilala. Yeye kwao Mahenge, na alikuwa amekaa mjini miaka minne kwa shangazi yake. Ilikuwa miaka ile ambayo soko jipya lilikwisha kujengwa, na sukari na sabuni zilianza kuwa vitu vya foleni. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Posa ilikuwa bado, lakini shangazi mtu alishaanza kuniita mwanangu.

Nilidhani namjua. Nilijua kwamba alipiga chafya mara tatu kila alipokata kitambaa kipya, kwamba alicheka kwa kufunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Nilijua pia kwamba hakutaka kupanda kivuko cha Magogoni. Jumapili tulikwenda Feri kununua samaki, na kila nilipomwambia tuvuke tukatembee Kigamboni alisimama mbali na ukingo na kusema, "Siku nyingine." Karibu na jiko la mkaa hakukaa. Nilichukulia kuwa ni madaha, nami nilipenda hata madaha yake.

Asubuhi moja msimamizi wa ushirika alinijia mbio.

"Ndugu, mwenzako yuko chini anagaagaa. Ameshika ubavu."

Nilimkuta amejikunja kati ya cherehani mbili, jasho linamtoka, anatapika. Tukampeleka zahanati. Mganga alimpima, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu, akapima mkojo, kisha akasema ni kijiwe kwenye figo. Kidogo tu, kitatoka chenyewe akinywa maji kwa wingi. Akamwandikia dawa ya maji ya kupunguza ukali wa mkojo, ili vijiwe vingine visipate kujijenga.

Enzi zile ulikwenda na chupa yako mwenyewe. Niliosha chupa ya mafuta ya nazi kwenye bomba la uani, nikasimama naye kwenye dirisha la dawa, mkoba wake begani kwangu. Mtoa dawa alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akaijaza chupa, akauliza:

"Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani, binti?"

Alinitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama mzee.

"Hapana."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Tukaondoka. Kwa wiki tatu nilipita kwa shangazi yake kila nilipotoka kazini, nikammiminia ile dawa mwenyewe, vijiko viwili, nikimsimamia mpaka ameze. Ilikuwa na chumvichumvi, akikunja uso nilimcheka. "Kunywa, mama, tukaoane ukiwa mzima," nilimwambia. Sijui alikuwa akiwaza nini aliponirudishia kijiko.

Wiki ya tatu tulikuwa kwenye foleni ya sabuni. Alikuwa mbele yangu, ananisimulia habari ya mwalimu mkuu aliyerudisha kaptula arobaini kwa sababu mifuko imeshonwa nje. Akanyamaza katikati ya neno. Kichwa kikageuka upande kama anayeitwa, akatoa sauti ambayo si yake, akaanguka. Mwili mzima ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Povu likamtoka.

Watu wakaruka nyuma. "Kifafa! Msimguse, mate yanaambukiza!"

Nami nikaruka nyuma. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu utotoni nimeambiwa mate yale yanaambukiza, na miguu yangu haikungoja niulize. Aliyekwenda mbele ni mama mmoja muuza dagaa, nisiyemjua. Alimgeuza ubavu, akamwekea kanga yake chini ya kichwa, akaniangalia.

"Wewe si uko naye? Mbona umesimama?"

Nilipopata akili ya kusogea, alikuwa amekwisha fumbua macho. Yalinikuta upande wa pili, kati ya watu.

Siku mbili baadaye alianguka tena kazini. Majirani wakaanza kusema ni jini la kwao. Shangazi akaniita uani, akanifungulia bahasha ndogo ya karatasi. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe.

"Mwanangu, alianza kuanguka ana miaka tisa," alisema. "Vidonge hivi anameza kila siku kabla ya kulala. Mwaka wa nne huu hajaanguka hata mara moja. Alitaka akuambie yeye mwenyewe. Aliniapisha nisiseme."

"Sasa ameacha kuvimeza?"

"Hajaacha. Mimi ndiye ninayempa."

Kesho yake nilichukua bahasha na chupa, nikarudi kwa yule mzee wa dirishani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Alipoona vidonge alivua miwani.

"Kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza mara mbili."

"Nilikuwa nimesimama hapo, mzee. Mimi sikujua."

Aliivaa tena miwani. "Nami nina kosa. Ningekuambia ukangoje nje." Kisha akanieleza polepole. Ile dawa ya mawe inaugeuza mkojo, na mkojo ukigeuka hivyo, dawa ya kifafa inatoka mwilini upesi kuliko kawaida. Anameza kiasi kilekile, lakini kinachobaki ndani hakitoshi. "Siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichotokea. Lakini mlete leo hii, mganga amwone, na asiguse hivi vidonge kuvipunguza wala kuviongeza."

Mganga aliisimamisha dawa ya maji, akamwachia maji matupu na vidonge vyake. Kijiwe kilitoka baada ya siku chache. Hakuanguka tena.

Mimi nilikwenda kwake na furaha kama niliyebeba zawadi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anafumua mishono ya gauni kuukuu.

"Si ugonjwa uliorudi," nilimwambia. "Ni dawa mbili zilizogombana. Basi, yamekwisha."

"Nimeshukuru kujua," alisema. "Lakini nilikuona uliposimama."

"Niliogopa."

"Najua. Ndiyo maana pale dirishani nilisema hapana. Nilitaka kwanza unizoee." Aling'oa uzi, akauviringa kidoleni. "Siku moja nitaanguka tena, hata nikimeza vidonge vyote. Nikizinduka sitaki kukutafuta kati ya watu."

Nilimwomba anipe muda. Nilimwambia sasa nimejifunza, nitashika kichwa chake mbele ya Kariakoo nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, na mwisho wa mwezi akaenda kwao. Hakutaka nimsindikize stendi.

Niliandika barua nne. Alijibu moja. Alisema hajambo, anawafundisha akina mama wa kijiji cha ujamaa kushona, na cherehani yao moja ina sindano mbovu. Alisema siku hizi anameza vidonge vyake mbele ya watu, na wakimuuliza anawaambia ni vya nini. Mwisho aliniombea afya njema mimi na nyumba yetu ya Ilala. Nilipitia kila mstari nikitafuta mahali anaposema nije. Hapakuwepo. Nilinunua paketi mbili za sindano za cherehani, nikamtumia kwa posta.

Baadaye nilioa, na mke wangu habari hii anaijua yote. Watoto wamekua. Hata hivyo zipo asubuhi ninaamka nimesikia chafya tatu, nabaki nimelala nikiomba ya nne isije, kama mjinga, kisha nasikia ni nje, ni mtu anapita zake.