Zamu ya Bi Shuka

Wahudumu wa nyumbani walimpa jina la Bi Shuka, na hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukagua jinsi wazee na wagonjwa wanavyohudumiwa majumbani, na kila alipoingia chumbani, kabla hata kiti hakijapata joto, alikuwa ameshaifunua shuka. Alitazama visigino, akatazama kiuno, akapitisha kiganja juu ya godoro kutafuta unyevu, kisha akanusa. Mhudumu wa kazi nusunusu alisimama pembeni akitokwa jasho. Wajanja walitumiana ujumbe, "Bi Shuka yuko mtaa wa pili," na siku hiyo madirisha yaliyosahau upepo yalifunguliwa wazi.

Tusimwonee. Kazi aliijua, na wazee wengi walilala pakavu kwa sababu ya ukali wake. Lakini mtu akisifiwa sana kwa kuona, huanza kuamini kwamba hakuna asichokiona. Alikuwa na kanuni yake moja, aliyowafundisha wakaguzi wapya mpaka waikariri: kosa ni la zamu lilipokutwa. Ukikuta kidonda asubuhi, usisikilize hadithi za jana. Aliyepo ndiye anayejibu.

"Mkianza kusikiliza nani kasema nini," aliwaambia, "mtakesha hapo."

Kwa kanuni hiyo, si mhudumu mmoja wala wawili waliorudi kwao na aproni zao kwenye mfuko wa plastiki.

Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu. Siku za kazi, alikuja mhudumu kutoka ofisi ileile ya Bi Shuka, mwanamke wa maneno mengi waliyemwita Kasuku. Kasuku alizungumza na mgonjwa, na jirani, na simu, na uji jikoni, na mara nyingine uji ulichoka kumsikiliza ukaungua. Bi Shuka hakumpenda. Alikuwa akifunua shuka ya mama yake kila jioni bila kumkuta na kosa, na hilo lilimkera kuliko kosa lenyewe. Jumamosi na Jumapili Kasuku alipumzika, na zamu ilikuwa ya Bi Shuka.

Jumatatu moja Kasuku alipiga simu akilia. Bibi anaweweseka, anamwita kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki. Bi Shuka alipofika zahanati alimkuta mama amewekewa dripu, midomo imepasuka. Daktari akasema mwili umekauka, mgonjwa hajanywa maji ya kutosha. Kasuku alikuwa ameketi kando ya kitanda, akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Ulikuwa unamnywesha nini?" Bi Shuka alimuuliza, na wadi nzima ikageuka. "Maneno?"

"Dada, mimi nimeingia leo asubuhi tu, nimemkuta bibi yuko..."

"Usiniletee hadithi. Nimekukuta wewe."

Kasuku akageukia kitanda, akaendelea kumpepea bibi. Kabla ya jioni alikuwa amesimamishwa kazi mpaka huduma ya nyumba ile ikaguliwe.

Mkaguzi haruhusiwi kukagua kwake, kwa hiyo ofisi ilimtuma kijana ambaye Bi Shuka mwenyewe alimfundisha. Walimwita Taratibu, maana sentensi yake moja ungeweza kuisubiri huku unachambua mchele. Alikuja baada ya mama kurudishwa nyumbani. Akabisha hodi, akasalimu, akakaa, kisha akasema kwa aibu kidogo, "Dada, unajua utaratibu. Ndugu wanatoka."

Bi Shuka akaenda jikoni. Kati ya jikoni na chumba cha mama palikuwa na pazia tu. Ningependa kusema kwamba hakukusudia kusikiliza, lakini alisogea mpaka pazia likamgusa pua.

"Bibi, mhudumu wako anakupa maji?"

"Ananipa! Ningekuwa na miguu ningemkimbia."

"Sasa ilikuwaje mwili ukauke?"

Kisha mama akauliza, "Mwanangu yupo?"

"Yuko jikoni."

"Basi sogea, nikunong'oneze."

Mama alikuwa mzito wa masikio, na mzito wa masikio hajui kunong'ona. Kila neno lilipita pazia kama hakuna pazia.

"Jumamosi na Jumapili sinywi, baba. Nikinywa nitataka chombo cha haja, na nikitaka chombo lazima aniinue. Mwanangu anachoka. Wiki nzima yuko kwa wazee wa watu. Akiniinua, anasonya. Hanisonyi mimi, anausonya uchovu. Lakini nikiusikia ule msonyo, natamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa hiyo tangu Ijumaa jioni nalowesha midomo tu. Safari hii joto lilizidi, nikashindwa. Usimwandike. Andika ni uzee."

Bi Shuka aliona aibu iliyoanzia miguuni. Alijaribu kuukumbuka msonyo hata mmoja, hakuukumbuka, na hilo ndilo lililomtia fedheha zaidi, kwamba ulikuwa ukimtoka kama pumzi. Visigino vya mama alivijua, kiuno alikijua, godoro alilijua. Uso wa mama wakati wa kuinuliwa hakuwahi kuutazama. Nyani haoni kundule, waliosema walisema.

Taratibu akaingia jikoni.

"Dada, umesikia."

"Nimesikia."

"Sasa nifanyeje? Wewe ndiye uliyenifundisha. Kosa ni la zamu lilipokutwa. Nikifuata hivyo, ni Kasuku."

Hakuwa akimkejeli. Alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi kwa mwalimu, na Bi Shuka angeona nafuu kama angetukanwa. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Mama mwenyewe ameomba asiandikwe. Neno moja tu, Kasuku anaondoka, na heshima yake inabaki palepale ofisini. Alichukua kitambaa, akaifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Andika alivyosema," alisema mwishowe.

"Yote?"

"Na kusonya uandike."

Usingizi ulimpaa usiku huo. Waliomjia kichwani ni wahudumu wa zamani, mmoja mmoja, waliokuwa wakimwambia, "Nimemkuta hivi hivi, mama, ndugu zake ndio walikuwa naye," naye akiwanyamazisha kwa kuinua kiganja. Pengine baadhi walidanganya. Wangapi, hatajua tena.

Kesho yake alikwenda kwa Kasuku. Alimkuta mlangoni anakamua nguo. Hakukaribishwa ndani, naye hakustahili.

"Nilikuonea," alisema. "Hukuwa wewe. Ilikuwa zamu yangu."

"Najua," Kasuku akasema bila kuacha kukamua. "Kila Jumatatu bibi anakunywa kama katoka jangwani."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Kasuku akamtazama. "Bi Shuka?"

Hilo jina halikuwahi kutamkwa mbele yake. Alilipokea, akaomba radhi tena, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Kasuku alirudishwa kazini, akarudi kwa ajili ya bibi, na kwa Bi Shuka maneno yake yakawa machache kuliko ya Taratibu.

Jumamosi ikafika. Bi Shuka alimpelekea mama maji.

"Sina kiu, mwanangu."

"Mama, nilisikia yote."

Mama akageuza uso ukutani, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. "Yule kijana mmbea."

"Si yeye. Ni wewe ulikuwa unanong'ona kama mpiga mnada."

Mama akacheka kidogo, akanywa. Alikunywa glasi nzima, na Bi Shuka moyo ukamtulia. Baada ya muda mama akaanza kuhangaikahangaika kitandani, akavumilia, akavumilia tena, kisha akasema, "Samahani, mwanangu. Samahani sana."

Bi Shuka alimpitishia mkono mgongoni, akainua. Kiuno kikamkata. Pumzi ikaja mpaka kwenye meno, akaizuia hapo, akasema, "Usiharakishe, mama. Niko." Ndipo alipomtazama usoni. Mama hakuwa akiangalia chombo wala dari. Alikuwa amekazia macho mdomo wa mwanawe, bila kupepesa, na hakuyaondoa mpaka walipomaliza.

"Umechoka," mama akasema.

"Sijachoka."

Akamletea glasi ya pili. Mama akaishika kwa mikono miwili, akashukuru kama anavyoshukuru mgeni, akanywa mafunda mawili, akamrudishia.

"Inatosha, mwanangu," akasema. "Hii nyingine nitainywa Jumatatu."