Posa ya Butembo Ilivyopokelewa Saloni kwetu Keshero

Kifaa chenyewe hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Mume wangu alikileta nyumbani kwetu Keshero, mtaa wa Goma, majuma machache kabla volkano haijalipuka, akakichomeka nyuma ya televizheni na kukiunganisha na intaneti. Tangu siku hiyo filamu, mpira, mahubiri na nyimbo za kwaya tulikuwa tunaviita kwa telekomandi ndogo, vikaja. Kilikuwa pia na tundu la diski, na mume wangu akajaza mle picha zote za ukoo. Mimi sikukitilia maanani. Nilikiona mchezo wa wanaume.

Mlima ulipotapika, lava ilisimama mbali na mtaa wetu, ila ardhi haikutulia. Vikombe viligongana kabatini mchana kutwa. Ilipotangazwa kwamba mji uhame, tulishika njia ya Sake kwa miguu pamoja na watu wote, magodoro kichwani. Njiani niligundua kwamba binti yangu mkubwa ametia kile kifaa na diski yake katikati ya mfuko wa unga.

"Watu wanakimbia kifo, wewe unabeba televizheni?" nilimgombeza.

"Mama," akanijibu, "picha za koko ziko mule."

Koko kwetu ni bibi au babu, na huyu alikuwa mama yangu mzazi, na tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nilimpokea ule mfuko nikaubeba mwenyewe hadi Sake, na tuliporudi Goma nikaurudisha vilevile.

Kisha vita vya waasi kule Rutshuru vikaanza upya. Baba yangu alikuwa mfugaji kule Kalengera, na ng'ombe wake wote walichukuliwa. Alikimbilia kambi ya Kanyaruchinya akakaa chini ya turubai, kwa sababu aliona aibu kumlemea mkwe wake. Mume wangu alimfuata huko yeye mwenyewe.

"Papa, ile nyumba ni yenu," akamwambia. "Mukikataa, na mimi ninalala hapa."

Baba akaja, mkononi ana fimbo ya kuchungia na hana kingine. Kwa muda mrefu alikaa tu saloni, yaani sebuleni, akila vijiko viwili vitatu tu na kusukuma sahani. Nilidhani nitampoteza na yeye.

Alasiri moja binti yangu, bila kuambiwa na mtu, alikiomba kifaa kimletee ng'ombe. Wakatokea wengi, wakubwa, wenye madoa, katika malisho ya nchi za mbali. Baba akainua kichwa.

"Ngombe ya nani ile?"

"Ya wazungu, koko."

Akasogeza kiti. Akatazama kwa muda, kisha akanyoosha fimbo. "Ile ya nyuma inachechemea. Angalia mutu anaipita tu, haioni! Hii ni muchungaji gani?"

Kuanzia hapo, kila alasiri ilikuwa ng'ombe. Aliwapa majina, akawasifu kwa Kinyarwanda kama alivyowasifu wake, akawagombeza wachungaji ambao hawakuweza kumsikia. Na akawa anamaliza sahani yake. Watu huwa wanasifu dawa na madaktari, nami nawasifu pia, lakini baba yangu aliinuliwa na kale kakitu kalikojificha nyuma ya televizheni, na nitakashukuru daima.

Mdogo wangu wa kiume, mwalimu hapa Goma, alikuwa amempenda binti wa Butembo aliyekuja kusomea uuguzi. Ni Mnande, ukoo wa wafanyabiashara wa safari ndefu. Barabara ya kwao ilikuwa imekatwa na vita. Na kulikuwa na jambo zito kuliko barabara. Siku zile, kwa kuwa waasi wengi walisema lugha yetu, sisi wasemaji wa Kinyarwanda tulitazamwa kwa jicho la shaka sokoni, hata na watu tuliosali nao. Jirani mmoja aliniuliza waziwazi kama kweli Wanande watampa binti mtu wa kwetu wakati kama huu. Baba naye aliogopa.

"Bataniona muasi," alisema.

Baba mkubwa wa binti, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alituma neno kwamba posa haipokelewi kwa sauti ya simu, yeye anataka kuona macho ya watu. Basi mume wangu akatafuta njia. Aliisimamisha simu juu ya kabati ituchukue sisi, na kile kifaa kikawaleta wao kwenye televizheni, wakubwa kama walivyo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Binti mwenyewe alikuwa jikoni pamoja na wanangu, kwa maana haikufaa aonekane. Baba alivaa koti la mume wangu na kofia, akakataa kuketi. Picha ilipotulia, tuliona ukoo mzima wa Butembo umepangwa kwenye viti, baba mkubwa katikati, uso umejaa kioo.

Baba aliinua fimbo na kusalimu kwa sauti kubwa: "Amashyo!"

Ndiyo salamu ya wafugaji wa kwetu. Unamtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Mwenye kujua hujibu "Amashongore", akikutakia majike watakaozaa. Kule Butembo hakuna aliyejibu. Baba mkubwa alikohoa.

"Muzee, tunashukuru," akasema, "lakini sisi huku hatuchunge ngombe. Doti, ile mahari ya kwetu, ni mbuzi."

"Mbuzi?" Baba alisahau woga wake wote. "Mutoto ya watu nimulipie mbuzi, sawa faini ya mutu amevunja sahani?"

Mume wangu alifumba macho. Na papo hapo mtandao ukakatika. Picha iliganda, baba mkubwa akabaki mdomo wazi.

"Amekasirika," baba alisema.

"Hapana, papa, ni konekisio."

"Mudomo ile ni ya hasira. Nimeharibu."

Akabaki amesimama mbele ya ule uso uliogeuka sanamu, koti linamzidi mabega, na mimi nikajizuia nisilie. Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu tu.

Hatukujua kwamba jikoni yule binti wa Butembo ameshasikia yote, amechukua simu ya kawaida na kumpigia baba yake mkubwa. Picha iliporudi, mzee wa Butembo alikuwa amesimama, na nyuma yake ukoo wake wote umesimama. Alivuta pumzi.

"Amashongore!" akasema, kwa lafudhi ya Kinande ambayo hakuna ng'ombe angeitambua.

Baba aliketi. Alivua kofia akajifuta nayo uso.

"Muzee," yule akaendelea taratibu, "mutoto ametuelezea habari ya ngombe zenu. Pole sana. Na sisi vita imetuunguzia magari njiani. Hatutafuti mutu wa kutulipa. Tunatafuta wakwe."

Kisha baba akasema: "Mbuzi ni sawa. Mbuzi ni muzuri sana. Mukitaka hata kondoo, museme." Butembo wakacheka, nasi tukacheka, na wanawake wa pande zote wakapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuchungulia.

Kabla ya harusi, waasi waliingia mjini. Tulilala chini kwenye korido huku risasi zikipita. Umeme ulikatika, maji yakakatika, mtandao ukakatika. Milio ilipopungua, betri ya sola ilikuwa na nguvu kidogo, na ile diski haikuhitaji mtandao. Tulifungua picha, sauti chini, watoto wa majirani wamejibana sakafuni. Mama yangu alionekana akichambua maharagwe na kumcheka aliyempiga picha. Baba aliomba tumwache hapo kidogo. Tukamwacha.

Njia zilipopitika, baba, mdogo wangu na mchumba wake walizunguka kupitia Rwanda na Uganda ili wafike Butembo. Baba mkubwa aliwapokea kituoni, na baba hakuweza kunyamaza.

"Kumbe uko mufupi!" alimwambia. "Kwa televizheni ulikuwa sawa mulango."

Harusi ilifungwa huko, parokiani kwao. Baba alikuwa ameaga kwa siku chache, lakini wakwe walimzuia. Alirudi na gunia la viazi, mashavu yamejaa, amevaa sweta nene ya sufu aliyovishwa na baba mkubwa kwa ajili ya baridi ya kule. Nilimwambia hapa ziwani kuna joto, aivue. Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Mpaka leo akienda kusali huivaa, hata jua likiwaka, na akiulizwa husema ni ya ndugu yake wa Butembo.