Vigelegele Nilivyomnyima Mgombea

Sokoni kwetu Kariakoo, mgombea hapigiwi vigelegele hivi hivi. Kuna anayeanzisha, wengine wanafuata, na siku hizi mwanzishaji ni mimi. Vyama vyote vinanijua. Wakija nachukua khanga yao, nambeba nayo mwanangu mgongoni, na mgombea akitua kuvuta pumzi tu, naachia. Sikuwahi kuona ubaya. Khanga ni khanga.

Safari hii nilikuwa na hasira zangu. Chini ya meza yangu ya vitenge kulikuwa na robota la vitenge alivyonunua mteja wangu wa mashariki mwa Kongo, limeshonwa tayari kwa safari. Mwenyewe haji. Wanajeshi wa kutoka nje wameuteka mji wao, wameweka vizuizi barabarani, wao ndio wanaamua nani atoke. Mwanamke huyu, safari moja alipokuja kununua, alimlea mwanangu mchanga nilipokuwa hoi kwa homa. Nikifungua redio naambiwa wakubwa wetu wanafuatilia kwa karibu. Hata jirani mbea anafuatilia kwa karibu.

Mgombea ubunge alipofika, mwenyekiti wa soko akaninong'oneza, "Leo mpe za nguvu, mama."

Nikanyoosha mkono kwanza. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mji wa Kongo uliotekwa. Ukifika bungeni utasema wanajeshi watoke?"

Akacheka. "Binti, ya Kongo tuwaachie Wakongo. Sisi tuna mitaro ya kuzibua hapa."

Akatua. Akasubiri. Soko zima likanigeukia. Nikafumba mdomo, moyo unadunda mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Nyuma yangu muuza sahani, kwa mazoea yake, akaanza, jirani yake akamfinya, kigelegele kikakatikia njiani.

"Nusu ndiyo hiyo, mheshimiwa," akasema muuza nyanya. "Nusu nyingine wanayo Wakongo."

Watu wakaangua kicheko. Mgombea akajifuta jasho, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Basi, nitasema," akajibu.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Watoke."

"Sema kwenye spika, baba, na wa kule mwisho wasikie."

Akasogeza maikrofoni. "Nikiingia bungeni nitasema jeshi hilo litoke kwenye ardhi ya watu."

Hapo nikaachia. Wanawake wakapokea, toka meza za vitunguu mpaka kwenye maduka ya vyombo, nikahisi miguu haigusi chini. Muuza sahani alipiga mpaka akakohoa.

Sijalewa. Ahadi ya kampeni naijua, nimefunga watoto nepi kwa fulana za ahadi. Ndiyo maana nilimrekodi kwa simu. Jioni nikamtumia mteja wangu ile sauti.

Jibu lilikuja kesho yake, anaongea chini chini: "Dada, tumesikia. Tumepiga na sisi, ila kwa ndani ya shuka, wenye bunduki wako hapo nje. Robota langu usimpe mtu."

Simpi. Na chama kingine kinakuja Ijumaa. Khanga yao nitaipokea, na swali ni lile lile.