Megawati Tano za Sikukuu

Asubuhi ya Idi, Dhaka ilikuwa imehama. Watu walishajazana kwenye meli za mtoni na treni, wakarudi vijijini kwao. Viwanda vya nguo vimefungwa, feni zimezimwa. Moksed alibaki zamu peke yake kwenye kituo kidogo cha umeme wa gesi, kaskazini mwa jiji. Zamu hiyo aliiomba mwenyewe, na hakuna aliyeigombania. Mkewe, Jahanara, alifariki kabla ya mvua kuanza, na ukimya wa chumba chao Moksed hakuutaka hata kwa kupewa bure. Mtambo, angalau, unanguruma.

Simu ikalia. Alikuwa Lutfor, anayegawa umeme wa jiji kutoka ofisi kuu.

"Kaka Moksed, Idi njema. Zima mtambo. Umeme wako leo hauna mteja."

"Idi njema, mdogo wangu. Nipunguze, nisizime. Niachie megawati kumi."

"Kumi nimpe nani?"

"Basi tano."

"Kaka, hapa si soko la samaki!"

Moksed aliwahi kuuza samaki kabla ya kusomea mitambo. Bei ikigoma, alijua kumtisha mnunuzi.

"Haya, nitazima. Ila usinilaumu kesho. Juzi mtambo uligoma kuwaka." Uongo mtupu.

"Kumbe ni mbovu? Afadhali umesema. Zima, funga kituo, nenda nyumbani. Mafundi watakuja baada ya sikukuu."

Moksed akaisogeza simu karibu na mdomo. Nyumbani?

"Ngoja, ngoja! Mzima huu. Hauna kitu."

"Sasa nishike lipi?"

"Nimekudanganya."

"Ili uchome gesi bure?"

"Nilitaka uendelee kunguruma tu."

Upande wa pili kijiko kiligonga bakuli. Lutfor naye alikuwa anakula Idi kazini.

"Hata megawati moja siwezi kukupa, kaka. Zima. Ila usifunge kituo. Kaa hapo, nikikuhitaji nitapiga."

"Utapiga?"

"Leo? Sidhani."

"Sawa. Nakaa."

Akazima. Ngurumo ikashuka, ikafifia, ikaisha. Kisha mota ndogo ikashika kazi ya kuuzungusha mhimili wa mtambo taratibu usije ukapinda wakati unapoa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama mtu anayesaga viungo chumba cha pili.

Moksed alivuta kiti karibu, akafungua bakuli la tambi za maziwa alizojipikia. Zilikuwa zimeganda. Akazila kidogo kidogo, zisije zikaisha kabla chuma hakijapoa na mota haijanyamaza.