Sauti Safi Kutoka Kabatini

Mkamwana wangu anafanyia kazi kabatini. Msicheke. Yeye ni mtu wa redio, huwahoji watu kwa simu, na nyumba yetu ina kelele kama tumepanga katikati ya lami. Basi hujiingiza kabatini, kati ya makoti ya mwanangu, maana nguo humeza mwangwi. Simu moja ndiyo ya kupigia, spika wazi. Ya pili, iliyozimwa mtandao isije ikalialia, hurekodi, imelazwa juu ya taulo shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Friji nayo huichomoa isingurume. Maziwa yetu yamechacha hadi paka wa jirani akatuhurumia, akatuletea ya kwao.

Redioni walikuwa wamemchoka. "Sauti zako zinatoka kwenye pipa," mhariri alimwambia. "Lete moja safi nikuajiri. Ukishindwa, tuachane."

Ndipo akampata fundi wa boila, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Boila lilipasuka likamuunguza mwenzake uso, na mkuu wa kiwanda akatangaza kuwa majeruhi alikuwa amelewa. Fundi aliujua ukweli: aliomba valvu mpya mara tatu, akajibiwa avumilie. Alikubali kusema, mradi asijulikane.

"Nina watoto, dada."

"Nitaifanya sauti yako nzito, kaka. Hata mama yako hatakujua."

"Haya."

"Kwanza tujaribu mitambo. Niambie umekula nini leo."

"Mkate na chai. Fyuu. Chai yenyewe kavu, haina sukari."

Hiyo fyuu ni ya kunyonya jino. Alilinyonya kila alipokaribia neno zito. Nilikuwa nimekaa kitandani aliponichezea ile rekodi, na nawaapia, ilikuwa safi hadi nikamsikia nondo akitafuna koti.

Aliigeuza sauti ikawa ya fahali mwenye mafua. Halafu akaniuliza, "Mama, hii fyuu niikate?"

Mimi napenda maneno yenye mate. "Iache," nikasema. "Ukiikata atabaki kama tangazo la sabuni."

Akacheka, akaiacha.

Kipindi kilirushwa asubuhi. Kabla ya saa sita mhariri alikuwa ameshamwajiri. Alasiri simu ikaita. Ni fundi, na nyuma yake malori yananguruma.

"Kaka, sikusikii vizuri, hebu sogea mahali pa—"

"Nisogee wapi? Nipo nje ya geti! Mkuu hakuniuliza kitu, dada. Alinipa karatasi, akasema isome kwa sauti. Sikufika mstari wa tatu, akaangua kicheko. Jino tu. Kiwanda kizima wanalijua jino langu. Mama yangu mwenyewe amenipigia kunipongeza."

"Nisamehe, kaka."

"Semeni redioni kwamba si mimi. Leo hii. Labda atanirudisha."

Mkamwana wangu alikwenda redioni mbio, ndala miguuni. Aliporudi, uso umemshuka. Mhariri amekataa katakata. "Kafukuzwa? Hiyo nayo ni habari," alimwambia. "Mhoji tena, na sauti iwe safi vilevile."

"Utafanya?" nikamuuliza.

Alichomoa friji, akaingia kabatini, akafunga mlango. Nikasikia simu ikiita, kisha fundi akapokea upesi kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Dada? Wamekubali?"

Kimya.

"Dada, unanirekodi?"

Niliyasikia makoti yakisogea. Jibu sikulisikia. Fundi alingoja, hakunyonya jino hata mara moja. Kisha akakata.

Rekodi ile ya kimya aliifuta. Ajira hakuirudisha, na siwezi kumlaumu, tunakula kwayo wote. Lakini siku hizi akinijia na simu yake, "Mama, hebu sikiliza hapa," namwambia masikio yangu yamekufa. Mimi, niliyesikia nondo akitafuna koti.