Firigisi ya Kaka

Dawa ya kuchua inanuka nyumba nzima leo. Kaka yangu yuko sebuleni, anasugua goti. Harufu hiyo hiyo ilijaa kwetu Edmonton, huku ughaibuni, kila alipokuja na begi la timu mpya. Alikuwa winga wa kulipwa katika timu ndogondogo, nazo zilimtema karibu kila msimu. Kila alipopata nyingine, mama alipanda treni hadi Ilford kutafuta kuku mwenye firigisi, maana wa supamaketi hawana.

Jumapili moja nilirudi na medali yangu ya mbio shingoni. Mama akanipa vitunguu nimenye. Mezani, baba aliichukua firigisi, fungu lake yeye mwenye nyumba, akamwekea kaka sahanini.

“Kula, mwanangu. Wewe ndiye unayehangaika.”

“Na mimi je?” niliuliza.

“Wewe vua hicho chuma, kisije kikaingia kwenye mchuzi,” mama alisema.

Kaka alitafuna polepole, huku akinitazama.

Leo nimepika kuku mimi, wa kutoka Ilford.

“Dadangu, firigisi ipo?” anauliza kutoka sebuleni.

“Kuku wa huku hawana,” namjibu, mdomo umejaa.