Gunia Kando ya Jiko

Kila kiangazi kikikaribia, Mama Sindano, fundi cherehani wa mtaa wetu, hutoa jikoni magunia ya vipande vya nguo yaliyorundikana kando ya jiko la mafuta ya taa. Zamani mumewe ndiye aliyemfokea: "Mke wangu, unataka tuungue kama mabua?"

"Niache na jiko langu!" alijibu, huku akiyakokota polepole makusudi, ili afokewe zaidi.

Mwaka huu, wa kwanza tangu amzike mumewe, aliyatoa yote asubuhi, akafuta na masizi. Halafu gunia moja akalirudisha palepale, akaketi, akasubiri.

Akakitazama kiti kitupu cha mumewe.

"Haya, sema basi!" akafoka.

Mwishowe akainuka, akalikokota mwenyewe, polepole kama zamani.